Mama Mkwe Ameifumia Mashine Yangu Kitambaa, na Mashine Sina

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nishike mkono haraka maana zimebaki siku chache niumbuke, na papo hapo nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe, kwa hiyo sijui nilie au nicheke, na mume wangu amenikataza nisikuandikie lakini nimemwambia mwenzangu wewe ushauri wako tumeshauona, niache nimuulize mtu mwenye akili zake.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa majokofu, tunakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo ukitaka kufungua kabati lazima mwenzako atoke kwanza. Tuna miaka mitatu ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo mama mkwe wangu alikuwa ananiita "wewe binti" na basi. Si mkorofi, nisimsingizie mama wa watu, adabu anazo mpaka zinanitisha, akija anakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, anakula vijiko vitatu vya nilichopika, anasema "asante binti, nimeshiba," anaaga. Nimempikia kila ninachokijua Shangazi, nimemshonea magauni mawili bure, la pili nimetia na mifuko kwa sababu najua anapenda mifuko, akaniambia "asante binti" ileile. Nikasema basi, kupendwa ni bahati, si lazima.

Sasa, miezi mitano iliyopita nikapata kazi ya kushona aproni kumi na mbili za wahudumu wa duka moja la kahawa, nikaenda kuwapima, na dada anayetengeneza kahawa pale akanipa kikombe nikiwa nasubiri. Shangazi! Juu ya ile kahawa kulikuwa na povu la maziwa jeupe, zito, laini, unalinywa na linakubakia mdomoni, nikamuuliza hili povu mtu wa kawaida nyumbani analipataje bila haya madude yenu ya mvuke, akacheka akasema dada, nyumbani una chupa ya jamu yenye kifuniko kinachokaza? Nikasema ninazo sita. Akasema basi pasha maziwa, yasichemke, ukiona vipovu vidogo vinaanza pembeni mwa sufuria epua, mimina kwenye chupa isifike hata nusu, funga, funika kwa taulo, tikisa kwa nguvu mpaka uchoke, halafu igonge chupa mezani mara mbili yale mapovu makubwa yapasuke. Hivyo tu.

Nikaenda nyumbani nikaanza. Siku ya kwanza yakachemka, yakamwagika, jiko lote likanuka. Siku ya pili nikajaza chupa sana, kikatoka kitu cha majimaji mtu hata kunawia hakifai. Siku ya tatu mkono ulichoka katikati nikaacha. Siku ya nne, Shangazi, likatoka! Nilipofungua kile kifuniko nikakuta chupa imejaa mpaka juu wakati mimi nilitia theluthi, povu limesimama, nikalichota kwa kijiko likabaki kwenye kijiko, nikapiga kelele jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Mume wangu alikuja mbio akidhani nimeungua. Nikamnywesha. Akaninyoshea kikombe, akasema "tena." Tangu siku hiyo sisi ni watu wengine, asubuhi tunaamka kama wanafunzi siku ya safari, huyu anapasha, huyu anatikisa, tunabishana nani kagonga chupa vizuri.

Jumapili moja mama mkwe akaja bila taarifa, sikuwa nimepika chochote, nikampa kahawa ya povu. Akanywa. Akanywa yote, Shangazi, akakwangua na povu la pembeni kwa kijiko, akabaki na mstari mweupe juu ya mdomo na hajui, akaweka kikombe chini, akaniangalia usoni akasema, "Mwanangu, hii umeifanyaje?"

Mwanangu! Miaka mitatu! Mwili ulinisisimka mpaka kwenye visigino. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya chupa ya jamu, mume wangu akanidaka juu kwa juu: "Mashine hiyo mama! Tumenunua mashine ya kahawa. Kuna hoteli imefungwa, mimi ndiye nilikuwa natengeneza mafriji yao, wakaniuzia." Nilimwuliza baadaye shetani gani alikuingia, akasema hata mimi sijui, nilitaka mama ajue mwanawe naye amefika mahali. Na mimi, hapa ndipo kosa langu lilipo na silifichi, nilitikisa kichwa kukubali. Niliona aibu. Mtu ametoka kuniita mwanangu, nitamwambiaje nimemtikisia maziwa kwenye chupa iliyokuwa na jamu ya mananasi?

Akataka kuiona. Mume wangu akasema mama jikoni kwetu kunateleza, na ile mashine ina mvuke, itakuunguza. Akakubali. Tukashusha pumzi tukajua yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu tangu siku hiyo mama mkwe anakuja kila Jumapili, na wiki ya tatu akaja na shoga zake wawili wa kikundi chao cha kufuma, wamekuja kuonja kahawa ya "mke wa mwanangu". Sasa wanawake watatu wako sebuleni, mlango wa jiko ni wa mbao nyembamba, mashine gani isiyo na sauti? Ndipo mume wangu akaanza kuifanya kwa mdomo.

Usicheke Shangazi. Yeye ni fundi, anajua jinsi mashine inavyoanza. Anapiga ulimi "tak!", anaunguruma kwa kifua, "nnnnnnn", halafu anaachia mvuke kwa meno, "shshshshshsh", mkono mmoja ameziba sikio asijisikie akacheka, na mimi niko pembeni nimeifunga chupa kwenye taulo na juu ya taulo koti lake la zamani ili maziwa yasisikike yakipiga, natikisa nimekaza macho, jasho linanitoka, tunatoka na vikombe tumetulia tuli. Ikawa ndiyo mtindo. Mpaka Jumapili moja mume wangu alikuwa na mafua. Yuko katikati ya "shshshsh" akapaliwa, akakohoa, khoo! khoo! Nikasema leo ndiyo leo. Mara mama mkwe anasema kwa sauti, "Mashine yenu ina kifua." Mume wangu akajibu kutoka jikoni, "Ni vumbi tu mama!" Akamwambia, "Na wewe ndiye fundi? Itengeneze, isije ikakufia." Shoga zake wakaguna. Mimi nilikaa chini sakafuni nimeziba mdomo kwa aproni.

Tungeishia hapo ingekuwa kichekesho. Lakini mwezi uliopita alinipigia simu, sauti yake ya furaha, "Mwanangu, nipe vipimo vya mashine." Shangazi, mimi mtu akiniuliza vipimo mdomo unajibu wenyewe, ndiyo kazi yangu, sikufikiri hata kidogo, nikamwambia urefu inchi kumi na sita, upana kumi na moja, na hapo kwenye mkono wa mvuke mama uache tundu. Nikakata simu nikajishika kichwa. Tundu la mkono! La mashine isiyokuwepo!

Wiki tatu baadaye akaniletea kitambaa. Amekifuma mwenyewe kwa uzi mwembamba, rangi ya maziwa, pembeni amezungushia kahawia, na vidole vyake vinamuuma siku hizi, shoga yake alininong'oneza alikuwa anafuma kidogo anapumzika, anafuma kidogo anapumzika. Tundu la mkono amelizungushia maua madogo. Niliposhika kile kitambaa nililia kweli, yeye akadhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini si hiyo tu. Sasa hivi kiko jikoni kimefunika ndoo iliyopinduliwa, na kwenye tundu mume wangu ametokeza mdomo wa birika. Mlango ukiwa wazi kidogo, ukiangalia kutoka sebuleni, haki ya nani unaona mashine.

Na sasa maji yako shingoni. Jumamosi ya wiki ijayo wifi yangu mdogo, yaani dada wa mume wangu, analetewa wakwe. Watu ishirini wanakuja nyumbani kwa mama mkwe kumwona binti na kuona familia anayotoka. Mama mkwe ameshawaambia kwamba mke wa mwanawe atawapa kahawa ya povu. Ameondoa redio kwenye meza ya sebuleni karibu na swichi, ameisogeza meza mahali ambapo kila mtu ataiona, ameshapanga pikapu ya kuifuata mashine asubuhi. Akaniambia kwa simu, "Mwanangu, siku hiyo kila kitu kinanitia wasiwasi, isipokuwa wewe."

Mume wangu anasema tuseme imeungua kwa umeme, tuichome ile ndoo pamoja na kitambaa tumwonyeshe majivu. Nikamwambia ukigusa kile kitambaa mimi na wewe basi. Akasema basi siku hiyo nitajifanya mgonjwa, nilazwe hospitali. Nikasema nani atakulaza na wewe mzima? Tangu juzi ameokota boksi la bati, ametia feni ya jokofu na taa nyekundu, inaunguruma na kuwaka kweli, ila maziwa haitoi, eti mimi nijifiche chini ya meza nitikise. Chini ya meza! Mbele ya wakwe!

Nieleze Shangazi. Nikimwambia ukweli, najua nitarudi kuwa "wewe binti," na safari hii itakuwa haki yangu. Nikiendelea kudanganya, naweza kumharibia wifi yangu siku yake. Nimeonja kuitwa mtoto na sitaki kurudi nyuma. Nifanye nini?

Ni mimi,
Fundi wa Ghorofa ya Tatu

*

Marahaba, Fundi.

Barua yako niliianza nimekaa, nikaimalizia nimesimama. Nikaisoma kwa sauti, ofisi nzima ikaacha kazi, na mpanga kurasa wetu aliposikia habari ya ile mashine yenye kifua alilazimika kutoka nje kupunga upepo. Halafu akarudi na pakiti ya maziwa na chupa ya jamu. Tukajaribu. Yeye, kwa ubishi wake, aliyachemsha kabisa, akajaza chupa mpaka shingoni, akatikisa mara nne, kifuniko kikaruka na maziwa yakatua kwenye shati la mhariri. Ulishasema yasichemke na isifike nusu, watu hawasomi. Mara ya pili nilishika mimi. Fundi, limetoka! Limesimama! Nimekunywa vikombe viwili na mkono huu ninaoandikia unatetemeka, sijui ni kahawa au ni kutikisa.

Nimemaliza kucheka. Sasa kaa chini.

Mumeo alisema uongo wa sekunde moja. Ulimi ulimteleza mbele ya mama yake, hayo hutokea kwa wanaume wengi na mimi nina watatu nyumbani. Wewe ulitoa vipimo! Tena ukakumbuka na tundu la mkono! Mwanamke wewe, mtu anakuomba vipimo vya hewa na unampa kwa inchi? Hapo ulikuwa na nafasi ya kusema "mama, nisubiri, nina neno," ukaichezea. Na usinijie na habari ya mdomo kujibu wenyewe. Mdomo ni wako.

Lakini nimeona kitu kwenye barua yako ambacho wewe mwenyewe uliyeiandika hujakiona. Hebu rudi uisome. Mama mkwe wako alimaliza kikombe, akakiweka chini, akasema, "Mwanangu, hii umeifanyaje?" Mashine ilikuwa imeshatajwa? Haikuwa. Mumeo alikuwa hajafungua kinywa. Mama wa watu alionja kilichotoka mkononi mwako, akakuita mwanangu, na akakuuliza wewe umefanyaje. Hakuuliza mmenunua nini. Neno lile ulilipata kwa mkono wako mtupu na chupa yako ya jamu, na tangu hapo umekuwa ukiipa sifa mashine isiyokuwepo. Miezi yote hii unamtikisia maziwa mpaka jasho linakutoka, halafu sifa unaipa ndoo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Umenitajia pia habari ya kukohoa. Mimi nimezaa, Fundi. Kikohozi cha mwanangu nakijua hata akiwa nyumba ya tatu na redio imefunguliwa. Mama aliyemlea mumeo kwa mafua na surua, leo amsikie akipaliwa nyuma ya ubao mwembamba adhani ni vumbi la mashine? Huenda anajua. Huenda alijua siku ileile na amekaa anawasubiri mkue. Lakini huenda hajui, na sikuruhusu uende kwake ukitegemea kwamba anajua, kwa sababu ukitegemea hivyo utakwenda na kicheko mdomoni, na anayekwenda kuomba radhi huku anacheka hajaomba kitu.

Maana kuna la kuombea radhi, tusidanganyane. Maziwa hayana kosa. Sauti za mdomo ni ujinga, na ujinga husamehewa. Kosa ni zile wiki tatu. Vidole vinauma, anafuma kidogo anapumzika, anafuma kidogo anapumzika, na wewe ukapokea ukakivalisha ndoo. Hilo litamuuma akilijua, na lina haki ya kumuuma. Usimwambie "ilikuwa utani tu mama." Haikuwa utani kwake.

Unaniuliza useme au unyamaze mpaka Jumamosi ipite. Hivi unajua uliandikia wapi? Umeandika gazetini! Gazeti hili linatoka leo Jumanne, linauzwa mji mzima, na kikundi kizima cha kufuma kinasoma ukurasa huu kabla ya kushika sindano, nina barua zao hapa droo imejaa. Kufikia saa kumi jioni shoga mmoja atakuwa ameshampigia mama mkwe wako kumuuliza, "Hivi mke wa mwanao si fundi cherehani?" Njia ya mwongo ni fupi, na wewe yako umeifupisha kwa mkono wako. Kwa hiyo suala la kusema au kutosema halipo tena. Lililobaki ni asikie kutoka kwako au kwa jirani, na nakuomba sana, asisikie kwa jirani.

Nenda leo. Gauni la mteja litasubiri.

Mumeo aende na wewe, abebe maziwa, na afunge kinywa mpaka aambiwe. Lile dude la taa nyekundu alivunje leo hii, na ile feni airudishe kwenye jokofu la mwenyewe, maana sijakuuliza ameitoa wapi na naogopa jibu. Kitambaa kifue, kipige pasi, kikunje vizuri, mrudishie kwa mikono miwili. Asije akakikuta kwenye ndoo. Usimwombe akuachie, akitaka uwe nacho, atakupa.

Ukifika usianze na hadithi ndefu ya dada wa duka la kahawa na aproni kumi na mbili. Msalimie, kaa, mwambie hivi: "Mama, nilikudanganya. Hakuna mashine. Ni mimi." Halafu nyamaza. Najua wewe ni mtu wa maneno mengi, nimeiona barua yako haina nukta, lakini hapo nyamaza. Mumeo ndipo aseme lake moja, "Mama, nilianza mimi," naye anyamaze.

Akikuuliza "ni mimi" maana yake nini, usieleze. Ingia jikoni kwake, mlango uache wazi kabisa, pasha maziwa, tikisa mbele ya macho yake. Bila koti. Bila mtu kuunguruma. Asikie maziwa yakipiga chupa. Na akisogea kutazama, mpe chupa mkononi aisikie inavyojaa, maana mimi nimeisikia na nakwambia hakuna mtu anayeishika ile chupa akabaki na uso mgumu.

Kuhusu Jumamosi, uamuzi ni wake na si wako. Ile siku ni ya wifi yako, si ya kahawa yako wala ya aibu yako. Akisema wageni wapewe kahawa ya kawaida, wape kahawa ya kawaida, vaa vizuri, osha vikombe, tabasamu. Akisema povu liendelee, basi usijaribu kulifanya peke yako kwa watu ishirini, mkono utakufa kwenye kikombe cha sita. Chupa unazo sita. Pasha maziwa kwa mafungu, usirudie kupasha yaliyopoa, na zile chupa zisambaze: moja kwa mumeo, moja kwa wifi yako, na zilizobaki wape wakwe wenyewe. Ndiyo, wape wageni watikise! Watu wamekaa wamenyooka kwenye viti vya kuazima, hawajuani, hawajui waseme nini, mpe baba mkwe mtarajiwa chupa na umwambie "tikisa mzee, kifuniko kishikilie," uone kama watu hawatacheka wote kwa pamoja. Mimi mhariri wangu hajanisemesha tangu mwaka jana, na sasa, na shati lake lililolowa, ameniuliza kama povu limebaki.

Nimebakiza la mwisho, na hili ndilo unaloliogopa. Unaogopa atakasirika. Anaweza kukasirika, Fundi. Anaweza kupandisha sauti, akakuuliza ulimwonaje, akakwambia umemfanya kichekesho mbele ya shoga zake, na pengine akakutaja na mama yako aliyekuzaa. Ukisikia hivyo usikimbilie mlango, wala usitazame mumeo akutetee. Kaa palepale kwenye kiti, usikilize mpaka amalize. Mgeni hagombezwi, mgeni huambiwa asante na kufunguliwa mlango. Siku mama yule atakapokugombeza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, halafu akakuuliza kama umekula, ujue umefika nyumbani.